Kulinganisha viyoyozi vinavyobana umeme: anza na kibati, maliza na fundi

Viyoyozi viwili vya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) vinaweza kukaa bega kwa bega dukani, vyote vimeandikwa inverta, yaani mashine inayobadilisha kasi yake, vyote vimebandikwa karatasi yenye nyota, na bado kimoja kikala umeme mara moja na nusu ya mwenzake kwa kazi ileile. Sura haikuambii. Hata jina la kampuni halikuambii, maana kampuni moja huuza madaraja matatu au manne ya mashine kwa wakati mmoja, na ya chini na ya juu hufanana kwa plastiki ya mbele. Anayetaka kujua anasoma kibati cha maelezo kilichobandikwa ubavuni, kisha anaangalia uzito wa sehemu ya nje. Na hata akishachagua vizuri, fundi mzembe anaweza kuuharibu ubora wote huo kwa nusu siku ya kazi.

Kibati kinasema nini

Tuchukue kibati cha mfano kinachosomeka hivi: uwezo wa kupoza wati 3,500 (900–3,900), umeme unaoingia wati 1,020 (230–1,450), gesi R32, kilo 0.65, daraja la hali ya hewa T1. Karibu kila unachohitaji kimo humo.

Namba ya kwanza ni joto ambalo mashine inaliondoa chumbani, siyo umeme inaokula. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na wati 3,517 za joto, ndiyo maana mashine ya "12,000" huandikwa 3,500. Wengine huiita tani moja. Wengine huhesabu kwa nguvu za farasi, na hapo "farasi moja" huwa takriban BTU 9,000 na "farasi moja na nusu" BTU 12,000. Hesabu hiyo ya farasi ni mazoea ya biashara tu. Ukitajiwa farasi, omba uoneshwe wati au BTU zilizoandikwa.

Gawanya 3,500 kwa 1,020, unapata 3.43. Hiyo ndiyo EER: kila wati moja ya umeme inaondoa wati 3.43 za joto. Baadhi ya nchi huandika EER kwa BTU kwa kila wati, na mashine hiihii husomeka 11.7, kwa sababu wati moja ni BTU 3.412 kwa saa. Ukiona tangazo moja lina 3.6 na lingine lina 11.5, usiikimbilie namba kubwa: 11.5 ukiigawanya kwa 3.412 ni 3.37, yaani ndiyo mashine dhaifu kati ya hizo mbili.

Namba zilizo kwenye mabano hupuuzwa na wengi, na kwangu ndizo za thamani kuliko zote. 900–3,900 ina maana kwamba kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inaweza kushuka hadi iondoe wati 900 tu za joto bila kuzima. Chumba cha kulala usiku wa manane, mlango umefungwa na jua limeshazama, mara nyingi huhitaji wati 1,000 hadi 1,500. Mashine inayoshuka hadi 900 itaenda polepole mpaka asubuhi, na huko chini ndiko ufanisi wake ulipo. Inverta ya bei rahisi ambayo haiwezi kushuka chini ya 1,500 itakuwa inazima na kuwaka usiku kucha sawa na mashine ya kizamani, na neno inverta lililoandikwa juu yake halikusaidii kitu.

T1 ni mahali ilipopimwa. Katika kipimo cha T1 hewa ya nje huwa nyuzi 35 na ya ndani nyuzi 27. T3 hupimwa nje ikiwa nyuzi 46 na ndani 29, na imewekwa kwa ajili ya nchi za joto kali. Hii haimaanishi kwamba mashine ya T1 inazimika ikifika nyuzi 36. Ina maana kwamba namba zake zote ni za nyuzi 35, na kila joto la nje linapopanda uwezo wake wa kupoza hushuka huku umeme inaokula ukipanda. Kama mchana wa kwenu hufika nyuzi 40 na kuendelea, dai mashine ya T3, au angalau jedwali la kiwandani linaloonesha uwezo katika nyuzi 46. Kama mnaishi pwani yenye unyevu ambako joto halivuki 34, T1 inatosha kabisa na fedha ya ziada iende kwenye ufanisi.

Namba za msimu na mtego wake

EER ya kibati ni picha ya dakika moja: mashine ikiwa kwenye uwezo wake wa kawaida, nje nyuzi 35. Mashine ya nyumbani hukaa hivyo kwa saa chache. Kwa hiyo kuna namba za msimu zinazojumlisha saa za joto kali na za joto la wastani. CSPF ya kanuni ya kimataifa ISO 16358 hutumia vipimo vya nyuzi 35 na 29, na mgawanyo wake wa kawaida wa joto la nje unaanzia 21 na kuishia 35. ISEER ya India inakwenda kutoka 24 hadi 43, kwa saa 1,600 za mwaka. SEER ya Ulaya ni wati kwa wati. SEER ya Marekani ni BTU kwa wati-saa, na tangu Januari 2023 huko wanatumia SEER2, ambayo kipimo chake ni kigumu zaidi, hivyo mashine ileile hupata namba ndogo kidogo kuliko zamani.

Namba hizi hazibadilishani. SEER 8.5, ambayo Ulaya ndiyo mwanzo wa daraja A+++ kwa mashine za kufungwa ukutani, imehesabiwa kwa majira ambayo siku nyingi ni za joto la wastani. Ukiipeleka nyumba inayopozwa mwaka mzima hutaipata 8.5. Linganisha mashine mbili kwa namba ya aina moja, tena iliyo karibu na hali ya hewa yenu. Ukikosa namba ya aina moja, rudi kwenye EER ya nyuzi 35 na yale mabano.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme chumba kinahitaji wastani wa wati 1,750 za kupoza kwa saa nane za usiku. Hizo ni kilowati-saa 14 za joto. Mashine ya kawaida isiyo inverta yenye ufanisi wa msimu wa 3 itakula uniti 4.7 kwa usiku. Inverta ya 5 itakula 2.8. Inverta ya juu ya 6.5 itakula 2.15. Kwa usiku 300 kwa mwaka ni uniti 1,400, 840 na 646. Angalia umbali kati yao: kuhama kutoka ya kawaida kwenda inverta ya kati kunaokoa uniti 560, lakini kuhama kutoka ya kati kwenda ya juu kunaokoa 194 tu. Weka bei ya uniti yako hapo, kisha linganisha na tofauti ya bei ya mashine. Chumba kinachopozwa usiku tu, mara nyingi inverta nzuri ya kati ndiyo chaguo la busara. Sebule inayopozwa saa kumi na nne kwa siku inalipa gharama ya mashine ya juu.

Inverta hushinda wapi, na wapi haishindi

Kompresa ya kawaida ina mwendo mmoja. Ikiwaka inakimbia kwa nguvu zote, chumba kikifika joto lililowekwa inazima, kikipanda inawaka tena. Kila inapowaka huchukua dakika kadhaa kabla gesi haijajipanga kwenye mabomba na baridi ya kweli haijaanza, na umeme wa dakika hizo hauleti faida kubwa. Inverta hubadilisha umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), kisha huutengeneza upya kwa masafa inayotaka, na kompresa huzunguka kwa kasi inayolingana na joto la chumba. Ikizunguka polepole, koili ya nje na ya ndani, yaani mabomba yenye mapezi ya kupitisha joto, zinakuwa kubwa kuliko kazi iliyopo, tofauti ya shinikizo inapungua, na ufanisi unapanda sana. Hapo ndipo inverta inapobana umeme.

Maana yake ni kwamba mashine ambayo kila siku iko kwenye uwezo wake wa mwisho haiwezi kukuonesha faida ya inverta. Ukifunga BTU 9,000 kwenye chumba kinachohitaji 15,000, kompresa itakimbia kwa kasi ya juu kuanzia asubuhi hadi usiku na bili haitapungua. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba chenye madirisha yanayovuja, au duka ambalo mlango hauachi kufunguliwa. Na chumba cha wageni kinachotumika siku chache kwa mwaka hakihitaji inverta kabisa.

Uzito wa sehemu ya nje ni kipimo cha haraka ninachokiamini. Ufanisi hupatikana kwa koili kubwa, na koili kubwa ni shaba na alumini nyingi. Ukilinganisha inverta mbili za BTU 12,000, moja ikiwa na sehemu ya nje ya kilo 21 na nyingine kilo 32, ya pili karibu kila mara ndiyo itakayovumilia joto. Uzito umeandikwa kwenye boksi. Usilinganishe inverta na isiyo inverta kwa njia hii, kwa sababu kompresa zao hazilingani uzito.

Uliza pia koili ni za shaba au alumini. Koili ya alumini inapoza vizuri, ila ikitoboka kuiziba ni kazi ngumu kwa fundi wa kawaida, na pale alumini inapoungana na shaba, unyevu wenye chumvi huila haraka. Karibu na bahari chagua mabomba ya shaba yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga ya bluu au dhahabu, na suuza sehemu ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi. Kinga hiyo inachelewesha kutu tu. Chumvi ikiachwa itapita.

Gesi

R22, gesi ya mashine za zamani, achana nayo. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zilizoendelea zilishaiondoa kufikia 2020, na nchi zinazoendelea zinaimaliza kufikia 2030, kikibaki kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Mashine mpya ya R22 unayouziwa kwa bei ya kutupa itakosa gesi ikiwa bado nzima.

R410A bado ipo kwa wingi. Haili tabaka la ozoni, ila kilo yake moja inapasha anga sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi, na katika joto kali sana ufanisi wake hushuka haraka kwa sababu joto lake la mwisho la kugeuka kimiminika liko karibu nyuzi 71 tu. R32 ina 675, hupoza vizuri zaidi kwa kiasi kidogo cha gesi, na ndiyo iliyoenea sasa kwenye mashine za nyumbani. Ulaya imezuia kuuza mashine mpya ndogo za kufungwa ukutani zenye gesi ya 750 na zaidi tangu Januari 2025, kwa hiyo R410A inaondoka. R290, yaani propani safi, ina athari ndogo mno kwa anga na ufanisi mzuri sana kwenye joto, lakini inawaka kama gesi ya kupikia. Inafaa tu ikiwa kuna fundi aliyefundishwa kuishughulikia.

R32 nayo huwaka, ingawa kwa shida. Fundi asivute sigara wala kuwasha tochi ya kulehemu kabla mabomba hayajatolewa gesi. Na mashine iliyotengenezwa kwa R22 au R410A isijazwe R32 wala R290. Swichi zake, mafuta yake na kompresa yake havikutengenezwa kwa gesi hiyo, na watu wameumia kwa njia hii.

Ukubwa wa mashine

Kwa sehemu za joto, anza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha rekebisha. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16, sawa na BTU 9,600. Kikiwa na dari nzuri na dirisha moja upande wa kivuli, 9,000 inatosha. Kikiwa chini ya bati bila dari, au kina dirisha kubwa linalotazama magharibi, nenda 12,000. Mita moja ya mraba ya kioo kinachopigwa na jua la alasiri inaweza kuingiza wati 500 na zaidi, sawa na BTU 1,700 kwa saa. Pazia la nje au kivuli cha ubao juu ya dirisha hilo kinaweza kukuondolea haja ya mashine kubwa. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu joto limeshaingia. Kila mtu aliyekaa anaongeza wati 100 hivi. Bati lisilo na dari ndilo adui mkubwa kuliko vyote. Fedha ya kuweka dari na tabaka la kuzuia joto hurudi haraka kuliko fedha ya kupanda kutoka inverta ya kati kwenda ya juu.

Kwa mashine isiyo inverta, kubwa kupita kiasi ni kosa baya kwenye unyevu. Inapoza hewa kwa dakika chache, inazima kabla maji yaliyojikusanya kwenye koili hayajatiririka, na feni ya ndani inayarudisha maji hayo hewani. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe. Watu wakihisi jasho halikauki wanashusha rimoti hadi 18, na bili inapanda. Kukausha hewa ni kazi halisi: kila lita ya maji inayotoka kwenye bomba la kumwagia imegharimu kilowati-saa 0.68 za kupoza. Chumba chenye unyevu mdogo katika nyuzi 26 huliwaza zaidi kuliko chumba chepechepe katika nyuzi 23.

Inverta iliyo kubwa kidogo haina shida hiyo kwa kiwango kilekile, mradi kiwango chake cha chini kishuke vya kutosha. Lakini nayo ikienda polepole sana koili yake hupata joto kidogo na hukausha kidogo. Usiku wa mvua na unyevu, punguza kasi ya feni ya ndani, au tumia hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji.

Ufungaji, ambako ufanisi hupotea

Hapa sitakimbia, kwa sababu mashine ya ufanisi wa 6.5 iliyofungwa vibaya hushindwa na ya 5 iliyofungwa vizuri.

Sehemu ya nje lazima ipumue. Acha angalau sentimita 15 nyuma, 30 ubavuni na mita moja mbele inakotolea hewa. Ukiiweka kwenye baraza nyembamba au ndani ya kizimba cha nondo zilizobanana, itavuta tena hewa yake ya moto: nje ni nyuzi 34, yenyewe inavuta 43. Kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye hewa inayoingia hugharimu karibu asilimia 2 hadi 3 ya ufanisi. Kivuli ni kizuri ila hewa huru ni muhimu zaidi. Kivuli kinachoziba hewa ni hasara.

Mabomba ya BTU 9,000 na 12,000 kwa kawaida ni inchi 1/4 na inchi 3/8, shaba yenye unene wa milimita 0.7 hadi 0.8. Yakate kwa kikatio cha mabomba, siyo msumeno, maana unga wa shaba ukiingia ndani utafika kwenye vali. Unapokwangua ukingo wa ndani, mdomo wa bomba utazame chini. Mdomo ukishatanuliwa uwe laini, bila ufa wala mkwaruzo; tone la mafuta ya kompresa nyuma ya mdomo linatosha, na tepu ya mafundi bomba isitumike kabisa. Kaza kwa spana yenye kipimo: nyutoni-mita 14 hadi 18 kwa inchi 1/4, na 34 hadi 42 kwa inchi 3/8. Wanaokaza kwa kukisia ama hulegeza ama hupasua mdomo, na gesi inatoka pole pole kwa miezi.

Mabomba yote mawili yavalishwe sponji ya kuzuia joto, kila moja peke yake. Kwenye mashine hizi vali ya kushusha shinikizo iko sehemu ya nje, kwa hiyo hata lile bomba jembamba ni baridi. Likiachwa wazi linapoteza baridi na kutiririsha maji ukutani. Sehemu zenye unyevu tumia sponji ya milimita 13, siyo 6. Bomba la maji lishuke sentimita moja kwa kila mita, bila tumbo la katikati.

Kisha jaribio la uvujaji kwa naitrojeni kavu, bar 40 hivi, bila kuvuka shinikizo la juu lililoandikwa kwenye kibati. Iache, upake maji ya sabuni kwenye kila maungio. Baada ya hapo pampu ya kuvuta hewa ifanye kazi mpaka kipimo kishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha shinikizo dogo sana), ifungwe, na kwa dakika kumi kipimo kisipande kupita 1,000. Kikipanda na kutulia kuna unyevu. Kikiendelea kupanda bila kutulia kuna tundu. Fundi anayefukuza hewa kwa kufungulia gesi sekunde chache anaacha hewa na unyevu ndani. Hewa inaongeza shinikizo na umeme, na unyevu huungana na mafuta ya kompresa, ambayo kwenye R32 na R410A hunyonya maji upesi, yakageuka asidi inayokula waya za mota.

Gesi ya kiwandani hutosha bomba la mita 5, au 7.5 kwa baadhi ya mashine. Zaidi ya hapo ongeza kiasi kilichoandikwa, mara nyingi gramu 20 hivi kwa mita, na ipimwe kwa mizani. Kujaza kwa kuangalia shinikizo peke yake hakufai kwa inverta, kwa sababu kasi ya kompresa inabadilika wakati unaangalia. Gesi ikipungua, bomba jembamba na koili hushika barafu na kompresa haipumziki. Ikizidi, umeme unapanda na mashine hujizima mchana wa joto.

Na gesi haiishi kwa kutumika. Mashine inayohitaji "kuongezewa gesi" kila mwaka inavuja, na anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia tatizo lilelile mara ya pili.

Wakati wa kuhamisha mashine, gesi hurudishwa sehemu ya nje kwa kufunga vali ya bomba jembamba kompresa ikiwa inazunguka. Kompresa izimwe kabla bomba lolote halijafunguliwa. Ikivuta hewa, mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani yake kwa shinikizo na joto lile unaweza kulipuka. Mafundi wamekufa hivi.

Umeme wa nyumba

Kompresa ya kawaida inayotumia ampea 5 ikizunguka inaweza kuvuta 25 hadi 30 kwa sehemu ya sekunde inapoanza. Kwenye umeme dhaifu hushindwa kuanza, inanguruma na kuchemka. Inverta huanza polepole, kwa hiyo ndiyo inayofaa kwa jenereta ndogo na kwa sola. Udhaifu wake ni bodi ya sehemu ya nje: umeme ukipanda ghafla, bodi inaungua, na bei yake inaweza kufuta akiba ya miaka. Weka kifaa cha kukata umeme unapozidi au kupungua, chenye kuchelewesha kuwasha dakika 3 hadi 5. Mashine ya BTU 12,000 iwe na waya wake wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya nyumba, na kikata umeme cha ampea 16, au kile kilichoandikwa na kiwanda. Ziba pia tundu linapopita waya: sisimizi na mijusi huingia kwenye bodi na kusababisha shoti.

Aina nyingine, kwa ufupi

Kiyoyozi cha kusukuma kwa magurudumu chenye bomba moja la kutolea hewa ndicho cha mwisho kwenye orodha yangu. Hewa inayoitoa nje inatoka chumbani, na ile inayoingia kuziba nafasi ni ya moto kutoka nje. Cha bomba mbili ni afadhali. Cha dirishani kinakubalika kwa chumba cha kupanga, ila inverta zake ni chache. Kipoza hewa cha maji hutumia umeme mdogo mno, mara nyingi chini ya wati 200, na kwenye joto kavu kinafanya kazi nzuri. Kwenye unyevu wa pwani kinaongeza unyevu tu, hivyo muuzaji anayekiita kiyoyozi huko anakudanganya.

Kukitumia na kukipima

Weka 25 au 26 na uwashe feni ya dari. Feni hula wati 50 hadi 75, zile za mota ya DC karibu 30, na upepo wake hukufanya uhisi nyuzi mbili au tatu chini. Kila nyuzi unayopandisha kwenye rimoti huokoa takriban asilimia 3 hadi 6. India iliagiza viyoyozi vya nyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24 tangu Januari 2020. Kuweka 16 ili kipoe haraka hakusaidii kwa mashine ya mwendo mmoja, maana nguvu yake ni ileile. Kinachotokea ni kusahau na kulala na 16.

Chujio lisafishwe kila wiki mbili kwa maji ya bomba na kukaushwa kivulini. Mapezi ya nje yasuuzwe kwa maji ya kawaida, siyo mashine ya kuoshea magari, inayoyalaza yakaziba. Lile gurudumu refu la feni ya ndani likishika ukungu, hewa hupungua hata chujio likiwa safi, na hapo ndipo wengi huambiwa gesi imeisha.

Siku mashine inafungwa, ikishakimbia dakika 15 kwa feni ya juu na joto la rimoti chini kabisa, weka kipimajoto panapoingia hewa na panapotoka. Tofauti iwe kati ya nyuzi 8 na 12; kwenye unyevu mwingi itakaa karibu na 8. Fundi apime pia ampea kwa mita ya kubana waya. Andika namba hizo, joto la nje na tarehe, ubandike karatasi ndani ya kifuniko cha mbele. Mwaka ujao rudia kipimo hali ya nje ikiwa karibu sawa. Tofauti ikiwa imeshuka na ampea zimeshuka, tafuta tundu la gesi. Ikiwa imeshuka na ampea zimepanda, osha koili ya nje kwanza.